Kishikwambi cha madamu na sauti ya mwanangu

Mwanangu wa pili yuko darasa la saba, shule ya serikali hapa Mwanza. Januari akijaliwa kuingia kidato cha kwanza, hisabati, jiografia na baiolojia zote zitafundishwa kwa Kiingereza, lugha aliyoisoma kama somo moja tu. Mzazi mwenzangu, ndiyo maana namfuatilia mwalimu wa Kiingereza kuliko mwingine yeyote.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, na madamu wao anacho kimoja. Kwingine utasikia kinalala kabatini. Yeye anakitumia kurekodi. Mtoto anasoma aya, anasikilizishwa sauti yake mwenyewe, kisha ya msomaji mzuri, halafu anarudia. Nyumbani tunaongea Kisukuma, na Kisukuma hakina "r". Mwanangu alikuwa akisoma "rice", wali, unasikia "lice", chawa! Kaka zake walimrekebisha mwaka mzima bila mafanikio. Siku alipojisikia kwenye kishikwambi, aliomba mwenyewe arudie.

Nilimuuliza madamu kajifunzia wapi. Kwa mwalimu mwenzake kijana, jioni mbili baada ya vipindi. Alionyeshwa kurekodi, kuhifadhi kila sauti kwa jina la mtoto, na kupakua vitabu kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania kabla ya kipindi, ili darasani asihangaike na mtandao. Basi. Bando ananunua kwa fedha yake.

Kwenye kikao cha wazazi nikaomba tumchangie, kwa hiari, buku moja kwa mwezi. Baba mmoja akasema hiyo ni kazi ya serikali. Hakukosea. Lakini mtihani hausubiri bajeti. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na oda za Kongo nazipokea kwa WhatsApp. Aliyenifundisha ni binti wa meza ya jirani, wala hatukukaa semina. Kumi na mmoja tulitoa.

Sasa kila Ijumaa madamu anatuma sauti ya dakika moja kwenye kundi la wazazi. Simu yangu baada ya chakula cha usiku ni ya mtoto: sauti ya madamu kwanza, michezo baadaye. Wasio na simu janja nyumbani anawasikilizisha asubuhi kabla ya kengele, watatu watatu. Ni wengi, na kengele haichelewi.