Jambo Lililo Wazi

Mwaka nilioacha chuo nilirudi Kapsokwony na begi moja na aibu nyingi. Babu hakuniuliza kitu. Alinipa bahasha, akasema, "Wewe umesoma. Niandikie barua."

Ndani kulikuwa na karatasi moja ya kugawiwa shamba kule Chepyuk, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Ofisi fulani ilitaka athibitishe kwamba shamba ni lake.

"Nithibitishe nini na kila mtu anajua?"

Nikacheka, kwa sababu nilimkumbuka Jean-Marie Seroney. Nikiwa chuo, huyo ndiye alikuwa shujaa wangu: wakili wa Kinandi aliyeingia siasa, akawa mbunge wa Tinderet. Julai 1969, mashamba ya walowezi yakiendelea kuuzwa na wanunuzi wakitoka mbali, alitoa Azimio la Nandi Hills: ardhi ya Nandi ni ya Wanandi. Akashtakiwa kwa uchochezi, akapigwa faini. Hakunyamaza.

Oktoba 1975 alikuwa Naibu wa Spika, amekalia kiti. Martin Shikuku akasema kuna watu wanataka kuliua Bunge vile walivyoiua KANU. Wabunge wakapiga kelele: thibitisha! Seroney akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye polisi wakawakamata wote wawili palepale Bungeni. Walikaa kizuizini hadi Desemba 1978, Kenyatta akiwa ameshafariki na Moi ni rais. Miaka minne baadaye Seroney naye akafa.

Mtu kuambia serikali hivyo usoni! Hiyo kauli niliibandika juu ya kitanda changu hosteli.

Lakini sasa nilikuwa nimekaa na karatasi ya babu, na ng'ambo ya ua nilimwona jirani yetu akipalilia. Yeye pia ana karatasi. Ni ya shamba hilohilo. Babu yake pia alikuwa na uhakika.

Sisi wa Mlima Elgon tunajua uhakika wa aina hiyo ulitufikisha wapi. Chepyuk iligawanywa, ikafutwa, ikagawanywa tena, na kila awamu iliacha watu wenye karatasi na watu wenye hasira. Mwaka 2006 vijana wa SLDF walichukua bunduki. Mimi nilikuwa mtoto. Usiku tulilala kwenye migomba. Waliuawa mamia. Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha, wanaume wakakusanywa, na wengine hawajarudi mpaka leo. Mpaka leo pia, mama zao wanaambiwa walete ushahidi.

Kwa hivyo bado naamini Seroney alisema kweli siku ile Bungeni. Alikuwa anamwambia mwenye nguvu. Shida ni ile ya 1969. Ukimwambia jirani kwamba haki yako iko wazi, unamwambia yake haipo.

Niliandika barua usiku huo: mwaka, namba ya shamba, mipaka, nani alikuwepo siku ya kupima. Asubuhi nikamsomea babu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umesahau kuandika kwamba kila mtu anajua."

"Sijasahau, babu."

Aliniangalia kwa muda, kisha akaangalia ng'ambo ya ua. Akaomba kalamu.