Jiko la Mkaa Chumbani



Baridi ya Juni na Julai hapa Mbalizi haihitaji kuelezewa. Umeme ukikatika saa mbili usiku, nyumba nzima hulizunguka jiko la mkaa. Mahindi huchomwa, bibi husimulia, watoto husinzia. Ni desturi njema, nasi hatuna nia ya kuikemea. Shida huanza pale watu wanapokwenda kulala na jiko likawafuata chumbani.

Katika kuzitembelea jumuiya ndogo ndogo tumesikia mara nyingi jibu moja: “Baba, mkaa umekwisha kukolea, hauna moshi tena.” Hapo ndipo penye hatari. Moshi huwasha macho na kumfukuza mtu nje; kwa namna yake ni rafiki. Gesi iuayo, kaboni monoksaidi, haina rangi, harufu wala ladha, nayo hutoka kwa wingi katika makaa mekundu yale yale tunayoyaona kuwa safi. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikazunguka mwilini bila kubeba kile inachotumwa kubeba. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, miguu hulegea. Aliye macho aweza kudhani ni malaria. Aliyelala hadhani kitu.

Jambo hili si geni. Waliosoma historia ya Kanisa watamkumbuka Yuliano, yule aliyeitwa Mwasi. Alipokuwa Paris katika karne ya 4, baridi ilipozidi aliruhusu makaa machache tu yaletwe chumbani mwake. Nusura afe, walimbeba nje hajiwezi. Mwenyewe aliyasimulia hayo mwaka 363, na lawama akazitupia kuta, eti joto lilitoa mvuke mbaya ndani yake!

Wazee wetu huuliza: mbona babu zetu walilala na moto siku zote? Ni kweli, lakini paa la nyasi lilipumua. Sisi tunajenga kwa tofali na saruji, tunaweka dari na madirisha ya vioo, kisha tunaziba matundu ya hewa kwa matambara.

Wanaotutia hofu zaidi ni akina mama waliojifungua, ambao huwekewa jiko karibu na kitanda kwa upendo mtupu. Tunawasihi akina bibi: kichanga alazwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na blanketi juu yao. Joto la mama latosha, nalo halina sumu.

Kuhusu gesi, mkakati wa Serikali uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 imeingia katika nyumba nyingi. Tunafurahi. Hata hivyo jiko la kupikia si la kuotea moto katika chumba kilichofungwa, kwa maana nalo hula hewa, na mwali ukiwa wa manjano wenye masizi ujue haliwaki sawasawa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni. Ukisikia harufu yake usiwashe kiberiti wala kugusa swichi: funga mtungi, fungua milango, toka nje. Na wenye jenereta waiweke uani, mbali na madirisha, wala si barazani.

Kabla ya kulala, jiko litoke nje. Kuyafukia makaa kwa majivu hakuyazimi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na kuwekwa miguuni hufanya kazi nzuri ajabu.

Ukimkuta mtu amezidiwa chumbani penye jiko, fungua mlango na kumtoa upesi kwenye hewa, kisha akimbizwe hospitali. Kwetu Ifisi si mbali. Mwambieni daktari waziwazi kwamba palikuwa na jiko la mkaa ndani, kwa sababu tiba anayoihitaji mgonjwa huyo ni oksijeni, na kila dakika ina maana.