Kwa Mpwa Wangu, Juu ya Kasha la Bastola

Bariadi

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imewasili, na habari kwamba polisi wamekupa kibali cha kumiliki bastola, kwa sababu ya fedha za minada ya ng'ombe unazotembea nazo, nimeipokea kwa furaha yenye hadhari ndani yake. Wauliza ununue kasha gani litakalokaa nyumbani na kufuatana nawe safarini. Sheria ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, humtaka mwenye silaha aihifadhi mahali pa salama. Ila kuchagua kasha kwataka akili yako, na hapo ndipo wengi hutia taksiri.

Kabla ya mwizi mfikirie mtoto. Nyumba yako haikosi watoto wa ndugu, na hao huijua kuliko uijuavyo wewe: juu ya kabati, chini ya godoro, nyuma ya debe la mahindi, kote wamekwisha kufika. Kwa hiyo nakusihi usivutiwe na makasha yafunguliwayo kwa alama ya kidole. Huko Marekani, Oktoba 2023, makasha yapatayo 61,000 ya kampuni ya Fortress Safe yalirudishwa kutoka mikononi mwa wanunuzi, kwa kuwa mwenyewe aliweza kudhani amekwisha kuyasajilia kidole chake, kumbe yangali yakifunguka kwa kidole cha yeyote. Na kijana wa miaka 12 alikuwa amekwisha kufariki. Tena mikono yetu hii iliyokomazwa na jembe, mashine huikana hata saa ya haja. Chagua kufuli ya tarakimu isiyohitaji betri, au yenye betri na ufunguo wa akiba. Na ufunguo huo usiuweke ndani ya kasha lenyewe (wako waliofanya hivyo, na ni watu wazima).

Ufikapo dukani, lifunge kasha likiwa tupu, kisha ulipige ngumi juu huku ukizungusha mkono wake, kwani katika yale ya bei rahisi komeo huzuiwa na kipini kidogo chenye springi, ambacho huruka kwa mshtuko na mlango ukafunguka. Muuzaji akikasirika, muage kwa adabu uende zako. Bati lisipungue unene wa milimita 1.2, lisije likabanduliwa kwa bisibisi.

Lakini jambo kubwa ni hili: kasha linalokuwia wewe jepesi kubeba, humwia mwizi vivyo hivyo, naye atalifungulia kwake kwa nafasi. Basi lisilo na waya wa chuma wa kulifungia usilinunue. Nyumbani likaze kwa bolti sakafuni penye zege, maana tofali la udongo halishiki bolti. Katika nyumba ya wageni lifunge kwenye chuma cha kitanda. Na ndani ya basi la Mwanza, kupitia Lamadi, likae miguuni pako, si kwenye buti. Wakati wa masika ondoa sponji iliyomo, kwa sababu hunywa unyevu na kuleta kutu.

Ukisafiri kwa ndege kutoka Mwanza, fika mapema ujitambulishe kwa polisi wa kiwanja na kibali chako mkononi, bastola ikiwa tupu na risasi zimetengwa, kwani silaha haipandi pamoja na abiria. Na kanuni za usafiri wa anga hazimruhusu abiria kupita kilo 5 za risasi. Ama safari za Kenya, bastola iache nyumbani, kwani kibali cha Tanzania hakina nguvu kule. Na mahali usipoihitaji, mwulize kwanza mkuu wa kituo cha polisi kama waweza kuiweka amana kwake. Mimi naipendelea amana hiyo kuliko kasha lolote.

Usilipe hata senti kabla hujaniandikia aina ya kufuli, unene wa bati na urefu wa waya. Mama yako asomewe barua hii, maana ndiye atakayebaki na watoto.

Ni mimi mjomba wako.