Kazi ya Nyumbani ya Mtazamaji

Filamu ya mashujaa wa Marvel iitwayo The Marvels ilipotoka Novemba 2023, mpwa wangu alinionya nisithubutu kwenda sinema kabla sijamaliza tamthilia mbili, WandaVision na Ms. Marvel. Filamu ile, alisema, inachukulia kwamba wahusika wake nimeshawajua. Nikaghairi. Wengi nao hawakwenda: ilikusanya takriban dola milioni 206 dunia nzima, ilhali Captain Marvel, iliyoitangulia mwaka 2019, ilivuka bilioni moja.

Ikasemwa kwamba watu wamechoshwa na mashujaa. Sikubaliani. Mwaka 2024 filamu nyingine ya mashujaa iitwayo Deadpool & Wolverine ilikusanya zaidi ya bilioni 1.3. Kilichochosha, naona, ni mzigo wa kufuatilia. Kuanzia Iron Man ya 2008 hadi Avengers: Endgame ya 2019 zilitoka filamu 22 tu za mfululizo huu wa Marvel, ndani ya miaka 11. Kisha ikaja Disney+, huduma ya kutazama mtandaoni ya Disney, kampuni inayomiliki Marvel. Anayenunua tiketi hulipa akaondoka. Anayelipia kwa mwezi lazima abembelezwe kila mwezi asijitoe. Ndipo tamthilia zikafululiza: mwaka 2021 pekee zilitoka tano, juu ya filamu nne.

Kila tamthilia ina bajeti yake katika hesabu za kampuni. Muda anaoutoa mtazamaji hauandikwi popote, na kwa kuwa visa vimefungamana, kila kipya kinamwongezea gharama ya kukielewa kinachofuata. Ajabu ni kwamba kufungamana huko huko ndiko kulikoipa Endgame karibu bilioni 2.8, kwa hiyo simlaumu sana aliyedhani kuzidisha kazi ni kuzidisha mapato. Mei 2024 Bob Iger, mkuu wa Disney wakati huo, alisema tamthilia za Marvel zitapunguzwa hadi kama mbili kwa mwaka, na filamu zisizidi tatu.

Mimi riziki yangu ni kuandika, na hesabu hii imenibadilisha mawazo. Nikiombwa makala ya ziada, sipimi tena muda wangu peke yake. Natazama pia msomaji atalazimika kukumbuka nini ndipo anielewe. Juzi mhariri alitaka sehemu ya pili ya makala iliyopendwa. Nimemjibu kwamba ile iliisha. Nitamwandikia nyingine, inayojitegemea.