Kengeleni, Nyumbani kwa Mwalimu

Mwalimu wetu wa kanisa kule Taita alikuwa mzaliwa wa Frere Town. Likizo moja ya Agosti alimwomba baba ruhusa, akanichukua kwenda kwao. Basi likapita Mariakani, Mazeras, Changamwe, tulipovuka Makupa akaniambia, "Sasa uko kisiwani Mombasa."

Alinipitisha kwanza Kanisa Kuu la Barabara ya Nkrumah, lililowekwa wakfu mwaka 1905, lenye kuba na matao kama ya misikiti ya pwani. Kisha Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na mtaa wa Ndia Kuu wenye milango ya nakshi. Kila penye baraza Mwalimu aliwaamkia wazee wa Kiislamu, "Shikamoo," nao wakamwitikia na kumuulizia mamake kwa jina. Mimi niliyelelewa kudhani Mkristo na Mwislamu hukaa mbalimbali, niliyashika hayo kuliko mawe ya ngome.

Kwenye bandari ya kale akanionyesha ng'ambo. Huko, mwaka 1875, wamisionari wa shirika la CMS walianzisha Frere Town, makazi ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, ambao baadaye waliitwa Wamisheni. Kengele yao ilipigwa kuwatahadharisha wakionekana wafanyabiashara wa watumwa, na mnara wake ungali umesimama panapoitwa Kengeleni.

Tulifika jioni. Mama yake alitukaribisha kwa mahamri na mbaazi, na baada ya sala akaniwekea mkononi *Uhuru wa Watumwa*, kitabu cha James Mbotela kilichotoka mwaka 1934. "Soma, mwanangu, sote tusikie." Nikasoma, dada zake Mwalimu wakinisahihisha matamshi, mama akinikatiza kueleza yale aliyoyasikia kwa bibi yake. Ikawa ndiyo desturi ya kila usiku. Nyumbani kwetu kitabu kilikuwa cha mtihani. Pale kilikuwa habari za watu wa ukoo, na aliyesoma vibaya aliwakosea heshima. Kama nimewahi kuandika sentensi nzuri ya Kiswahili, chanzo chake ni sebule ile.

Walimu waliotoka Frere Town na misheni ya Rabai walifundisha wengi, ila majina yao hayatajwi sana kama ya wamisionari Krapf na Rebmann. Hiyo si haki. Basi wewe unayekwenda Mombasa, ukishamaliza Mji wa Kale, panda matatu uvuke daraja la Nyali, ushuke Kengeleni, uwaulize wenyeji habari za wazee wao.