Kutunza kwa Mbali: Taarab, Chuo cha Muziki na Gharama ya Kurusha Matamasha

Katika taarab ya Zanzibar, fedha ya msikilizaji humfikia mwimbaji kwa desturi iitwayo kutunza, ambapo mtu aliyeguswa na ubeti huinuka, akasogea kwa madaha hadi mbele ya jukwaa akiwa ameinua noti ili kila mtu aione, kisha akaikabidhi bila wimbo kukatika. Kutunza hakulingani na kulipa kiingilio, kwa kuwa mtoaji huchagua ubeti anaoutolea, na aghalabu ubeti huo huwa ujumbe wake kwa mtu aliyeketi ukumbini humo humo. Makala hii inafuatilia jinsi mkono huo wa mtoaji ulivyotenganishwa na jukwaa, na jinsi unavyoweza kulifikia tena.

Utengano ulianza na santuri. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na sauti yake ikawafikia watu ambao hawakupata kumwona. Sauti ya Unguja, redio iliyoanza kutangaza mwaka 1951, ikaiingiza taarab majumbani na barazani. Msikilizaji wa mbali aliupata wimbo, lakini hakuwa na njia ya kumtunza aliyeuimba.

Pengo hilo linavihusu pia vyuo vinavyofundisha muziki huo. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kijulikanacho kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza kama DCMA, kilianza kufundisha mwaka 2002 katika jengo la zamani la forodha huko Mji Mkongwe, na hapo vijana wakajifunza udi, fidla na kanuni, ala yenye nyuzi zaidi ya 70 ambayo mpigaji huilaza mapajani. Ada ya takribani dola 13 za Marekani kwa mwezi iliwashinda wanafunzi wengi, hivyo chuo kikawategemea wafadhili, na mwaka 2019, ufadhili ulipopungua, kilitangaza kwamba kilikuwa katika hatari ya kufungwa. Mwaka uliofuata Uviko-19 ilisimamisha safari za watalii, na katika nchi nyingi vyuo vya muziki vikageukia kurusha matamasha mubashara, yaani kupeleka picha na sauti kwa intaneti wakati ule ule muziki unapopigwa.

Wengi hudhani kwamba simu moja inatosha kwa kazi hiyo. Ukweli ni kwamba simu hujirekebishia sauti yenyewe, hivyo kila dumbak, ngoma ndogo ya mkono, inapopigwa kwa nguvu, simu hushusha sauti zote kwa pamoja, na kanuni, ambayo uzuri wake umo katika milio midogo, humezwa kabisa. Ndiyo maana chuo huhitaji maikrofoni kadhaa, mashine ya kuchanganyia sauti, fundi anayeijua taarab kiasi cha kutambua ni ala gani inayostahili kusikika, pamoja na intaneti ya kasi isiyoyumba, kwani tamasha la saa moja lenye picha ya wastani hutumia zaidi ya gigabaiti 1. Vitu hivi hulipiwa kabla ya wimbo wa kwanza kuanza, ilhali tunzo hutolewa wimbo ukiwa umekwisha kumkolea msikilizaji, na ugumu wa kuchangisha umo hasa katika tofauti hiyo.

Leo fedha hutumwa kwa simu katika muda mfupi kuliko wa kutoka kitini hadi jukwaani. Hata hivyo, mchango unaoingia kimyakimya unapoteza nusu ya maana ya kutunza, ambayo ni kuonekana. Kwa hiyo chuo kinachochangisha hakina budi kutaja wakati wa matangazo jina la aliyetoa na wimbo alioutolea, na baadaye kuonyesha hadharani fedha zilinunua nini. Wapenzi wa taarab walioko Muscat, London au Toronto, ambao wazazi wao walitunza ukumbini, waombwe kwa lugha hiyo hiyo, nao watoe mapema, kabla fundi hajatandaza nyaya zake.