Mkono wa Mzee

Mzee wangu alikuwa karani wa mizani ya pamba huko Bunda. Akishika kalamu, mkono unacheza. Akiuweka pajani, unatulia. Watu wakasema ni gongo. Na kweli, akipiga glasi moja ulitulia kidogo, basi kesi ikaisha: mlevi. Akaacha kazi, akarudi kwetu Butiama, akawa hali mbele ya wageni. Hata mimi mwanawe niliamini. Nilimwonea aibu, nikahamia Musoma.

Mwaka huu nilimleta mjini kwa daktari. Alimwambia achore mviringo kama gamba la konokono. Ukatoka na meno kama msumeno. Daktari akasema huu si ugonjwa wa Pakinsoni: ule hutetemesha zaidi mkono uliopumzika, huu hutetemesha unaofanya kazi. Akampa propranololi, dawa ya presha ambayo haiwafai wenye pumu. Haiponyi, inapunguza.

Baadaye nikasoma kwamba wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba hadi nyumba. Matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa wenye Pakinsoni wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Nikamkumbuka Mzee na mizani yake.

Jana amekunywa chai mbele ya mjomba. Nusu kikombe, lakini mbele ya watu. Nikamwambia, "Baba, nisamehe." Akacheka tu.

Ndugu msomaji, ugonjwa huu mara nyingi hurithiwa, na herufi zangu zimeanza kucheza. Wiki ijayo nakwenda kwa daktari yule yule. Sisubiri watu waseme nakunywa.